Je, ushauri nasaha unaweza kumsaidia aliyenusurika ajali?

Dada wa Nkuhungu: Ndugu zangu, mdogo wangu alinusurika ajali ya basi katika barabara ya Dodoma–Morogoro mwaka jana. Mifupa imeungana, lakini usiku hugutuka akipiga kelele na hakubali kupanda gari lolote. Nyumbani anaambiwa amshukuru Mungu na asahau. Je, maongezi na mnasihi yatamfaa nini mtu ambaye hata kuisimulia ajali yenyewe hataki?

Mnasihi: Dada, poleni sana. Dalili hizo zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kumzuia mtu kuishi kama kawaida, zinahitaji matibabu. Mnasihi aliyefunzwa hamlazimishi mtu kusimulia siku ya kwanza. Huanza kwa kumweleza kwa nini mwili unaendelea kujihami ilhali hatari imekwisha, humfundisha kutuliza pumzi, ndipo taratibu, kwa kasi anayoimudu mwenyewe, humrudisha kwenye kumbukumbu ile na kwenye yale anayoyakwepa: pengine kufika stendi tu, kisha kuketi ndani ya basi lililosimama, kisha safari fupi ya hapa mjini. Anayekwepa kila safari hapati nafasi ya kuona kwamba safari inaweza kwisha salama, na hivyo hofu yake huzidi kukomaa. Kwa kawaida matibabu haya huchukua vikao 8 hadi 12.

Mzee wa Kongwa: Binti yangu, mwaka 2002 treni ya abiria ilipogongana na ya mizigo huku kwetu Dodoma, watu zaidi ya 280 walikufa. Sisi tulifarijiwa na matanga, sala na majirani, si wanasihi.

Mnasihi: Shikamoo mzee wangu. Faraja hiyo ni kinga kubwa, na wengi hupona kwayo. Ninayemzungumzia ni yule ambaye matanga yameanuliwa na yeye bado hajalala. Tatizo la hapa kwetu ni kwamba jina la Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili ya hapa Dodoma, limegeuzwa tusi, kwa hiyo watu huchelewa kutafuta msaada. Dada, mnaweza kuanzia hospitali ya rufaa ya mkoa, ila akitamka kwamba hataki kuishi, mpelekeni siku hiyo hiyo.

Dada wa Nkuhungu: Asanteni. Naruhusiwa kuingia naye?

Mnasihi: Akiridhia mwenyewe, ndiyo. Hata hivyo, sehemu ya kikao atahitaji kuwa peke yake na mnasihi, nawe usimhoji akitoka.