Tupeane uzoefu: michezo ya kuficha na kubahatisha darasa la awali

Mwalimu wa Awali, Mafinga
Kamwene wadau. Leo mvua imetufungia darasani, nikatoa vikombe vitatu na kizibo cha soda. Nikamkumbuka mtoto mmoja wa mwaka juzi, nyumbani kwao ni Kihehe tu. Januari hadi Aprili hakutoa neno. Siku hiyo nikaficha kizibo, wenzake wote wakapiga kelele "ndani ya kikombe!" Yeye akasimama taratibu, akasema: "Chini ya meza." Ndiko kilikokuwa. Nilitoka nje nikalia. Tangu siku hiyo juu ya, chini ya, nyuma ya, nafundisha kwa kuficha vitu. Nanyi je?

Bibi wa Tukuyu
Kweli kabisa mwanangu. Sisi ilikuwa mbegu ya parachichi nyuma ya mgongo.

Madam Makambako
Mmenikumbusha, mwili umenisisimka. Ilikuwa Julai, ile baridi ya asubuhi, watoto wamejikunyata. Nikasema tuchangamshe damu. Kila mmoja punje ya haragwe, afiche, mwenzake aotee iko mkono gani. Mtoto mmoja akafungua mikono yote miwili, mitupu! Wenzake wakashangilia, na mimi nikampigia makofi. Baadaye namwona anapumua kwa mdomo, machozi yanamtoka. Namwinua kichwa, punje iko puani. Nikachomoa pini ya nywele. Kila nikigusa inazidi kuingia, damu ikaanza. Mwalimu mwenzangu akaninyang'anya pini, tukapanda bodaboda mpaka zahanati. Mama yake akafika anahema. Mganga akamwelekeza: ziba tundu lisilo na kitu, weka mdomo wako kwenye mdomo wake, puliza mara moja kwa nguvu. Punje ikaruka, imeshavimba. Yule mama hakunigombeza. Alinishika mkono tu, nikatetemeka mpaka jioni.

Baba Wawili, Mbeya
Pole dada. Lakini maharage kwa watoto wa miaka mitano? Hapo ulikosea.

Madam Makambako
Kaka, nilikuwa na watoto 84 na kifaa kimoja: ubao. Njoo ushike chaki wiki moja.

Mwalimu wa Awali, Mafinga
Jamani, tusigombane.

Nesi wa Kijijini
Kitu kikiingia puani msichokonoe, wala msimwage maji, haragwe linavimba. Kupuliza kukishindikana, zahanati. Na zile betri ndogo za saa zisikanyage darasani. Ikiingia puani au ikimezwa, kimbieni hospitali saa hiyo hiyo.

Mkulima, Njombe
Tumieni viazi. Kiazi hakiingii puani.

Binti Rungwe
Viazi wanavitafuna vibichi. Magunzi ndiyo mpango.

Mama Uyole
Mimi naficha mtoto. Wote wanafumba macho, mmoja anaingia chini ya khanga, nauliza "nani hayupo?" Wanajuana majina haraka sana.

Baba Wawili, Mbeya
Wangu alisinzia humo humo, mwalimu akaitwa ofisini, kengele ikalia. Tulimtafuta hadi saa tisa. Hesabuni watoto kabla ya kuwaruhusu.

Madam Makambako
Yule mtoto wangu yuko darasa la tatu sasa. Juzi kanifuata uwanjani, ngumi zimefumbwa: "Madam, iko wapi?" Nikamwambia nionyeshe pua kwanza.

Mkulima, Njombe
Magunzi mpaka mavuno. Viazi vipo mwaka mzima.