Starlet niliyoigeuza ya umeme, breki inakuwa ngumu ghafla. Nibadili pampu au niweke betri kubwa ya N70?

Mtu wa Goba: Wakuu heshima kwenu. Nina Starlet nimetoa injini nikaweka mota ya foko (foklifti) na betri za lithiamu volti 96, kazi yote tumefanya nyumbani mimi na mdogo wangu. Mota haina shida, vilima vya huku inapanda bila kulalamika. Shida ni breki. Asubuhi iko poa ila jioni nikirudi na taa nimewasha pedali inakuwa ngumu kama nakanyaga jiwe, juzi nusura niingie daladala kwa nyuma. Pampu ya vakyumu ni mtumba wa Gerezani. Nibadili pampu au nifunge betri ya N70?

Spana 17: Busta ya breki, ile inayolainisha pedali, ilikuwa inavutiwa hewa na injini, umeitoa injini so kila kitu kinategemea hiyo pampu. Iache ivute mpaka izime yenyewe, usiguse breki, ikiwaka tena baada ya muda mfupi tafuta mpira unaovuja au valvu. Ila kwanza, betri ya volti 12 inachajiwa na nini?

Mtu wa Goba: Betri ni mpya mkuu, haina shida. Tuongelee pampu.

Kijana wa Mbagala: TANESCO wakikata mnaenda kazini na gari au na maombi? 😂😂

Dereva Mstaafu: Umenikumbusha mbali. Nilikuwa na Hiace ya dizeli, zile pampu ya vakyumu imekaa nyuma ya altaneta, basi nashuka mlima Kitonga mkanda ukakatika, chaji imekwenda na vakyumu imekwenda kwa mpigo, konda akafungua mlango anataka kuruka nikamwambia ukiruka nauli uniachie. Nilishuka na gia ya kwanza mpaka chini.

Spana 17: Mzee wewe ulikuwa na injini ya kukushikilia. Mota ya foko ukiachia pedali ya mwendo gari linateleza tu. Mtu wa Goba umekwepa swali.

Mtu wa Goba: Sijakwepa. Konveta ya kushusha 96 kuja 12 iliungua wiki tatu zilizopita, so betri ndogo naichaji usiku kwa chaja ya ukutani. Inatosha kabisa, asubuhi nawapeleka watoto shule wala haijawahi kusumbua. Ndo maana nikasema N70, na nshailipia.

Mama Pili: Watoto wa nani?

Mtu wa Goba: Wangu wawili na wanne wa majirani. Wanachangia hela ya chaji tu, sio biashara.

Mama Pili: Watoto sita kwenye Starlet isiyo na breki! Wazazi wenzako wanajua konveta imeungua? Baba mzima unabania hela ya kifaa kimoja.

Spana 17: Pampu, taa, waipa, kontakta (swichi kubwa ya umeme wa mota) vyote vinanyonya betri hiyo hiyo ya 12. Taa mbili za wati 55 peke yake ni ampea 9. Volti ikishuka pampu inachoka, ikishuka zaidi kontakta inaachia na mota inakata, vyote ukiwa kwenye mteremko. N70 inachelewesha tatizo tu. Weka konveta ya wati 500, inatoa kama ampea 36.

Mpekuzi: Chai hii. Mwezi wa tatu huyu huyu alifungua uzi anaomba ushauri wa bodaboda ya mkopo, leo ana gari la umeme? Weka picha.

Kijana wa Mbagala: Tena chai ya rangi, haina hata tangawizi 😂

Mtu wa Goba: Bodaboda ni ya mdogo wangu. Na picha siweki, majirani wako humu.

Spana 17: Picha baki nayo. Ukirudi jioni pima hiyo betri taa zikiwa zinawaka, useme mita imesoma ngapi.

Mtu wa Goba: Volti 10.9 tu

Mama Pili: Kesho wapande daladala.

Mtu wa Goba: Nshawaambia gari bovu. Wakuu kuna mwenye kuhitaji N70, haijatolewa hata nailoni?

Mpekuzi: Bei?