Kuhama kati ya kompaila mbili katika mradi mmoja wa CMake

Mdau wa Ujiji, Kigoma

Ndugu wadau, salaam. Ninaandika kwa lugha ya C programu ya kurekodi joto la maji ya Ziwa Tanganyika. Itakaa kwenye Raspberry Pi (kompyuta ndogo yenye prosesa ya ARM), ila majaribio nayafanya kwenye kompyuta mpakato yenye Ubuntu 24.04 na prosesa ya Intel, hivyo nahitaji kompaila mbili (zana zinazogeuza msimbo kuwa programu ya kuendeshwa): gcc ya kawaida kwa kompyuta hii, pamoja na aarch64-linux-gnu-gcc kwa ARM ya biti 64. Kila ninapobadilisha kigeu cha CC kinachotaja kompaila ya kutumia, CMake (zana ya kuandaa ujenzi wa programu) hung'ang'ania kompaila ya awali, na programu nikiihamishia kwenye Pi hugoma kwa ujumbe wa "Exec format error". Je, inawezekana kuhama bila kufuta folda nzima kila mara?

Fundi wa Ipuli, Tabora

Ndugu, CMake huisoma CC inapoandaa folda ya ujenzi kwa mara ya kwanza tu. Ikishachagua kompaila huiandika katika CMakeCache.txt, na tangu hapo hata ukiibadilisha CC, CMake haina habari nayo. Nakusihi uachane na CC kabisa (andika unset CC), kisha kila kompaila uipe folda yake. Tengeneza faili la pi.cmake lenye mistari hii:

```
set(CMAKE_SYSTEM_NAME Linux)
set(CMAKE_SYSTEM_PROCESSOR aarch64)
set(CMAKE_C_COMPILER aarch64-linux-gnu-gcc)
```

Halafu andaa folda mbili:

```
cmake -S . -B build-pc
cmake -S . -B build-pi -DCMAKE_TOOLCHAIN_FILE=pi.cmake
```

Baada ya hapo unachagua tu cmake --build build-pc au cmake --build build-pi. Kabla ya kuipeleka programu, ikague kwa amri ya file. Ikionyesha x86-64 (aina ya prosesa ya kompyuta yako ya Intel), kwenye Pi haitafanya kazi.

Mwalimu wa TEHAMA, Kasulu

Naunga mkono, ila kwanza endesha dpkg --print-architecture kwenye Pi yenyewe. Ikijibu armhf (ARM ya biti 32) badala ya arm64 (ya biti 64), unahitaji arm-linux-gnueabihf-gcc. Usitegemee uname -m, ambayo huonyesha kerneli (kiini cha mfumo) tu, kwa kuwa kerneli ya biti 64 inaweza kubeba mfumo wa biti 32.

Jambo la pili ni glibc (maktaba ya msingi ya C ambayo programu huitegemea), na hili huwasumbua wengi. Ubuntu 24.04 ina toleo la 2.39, ilhali Raspberry Pi OS iliyojengwa juu ya Debian 12 ina 2.36, hivyo programu iliyokompailiwa vizuri kabisa inaweza kukataliwa kwa kukosa GLIBC_2.38. Kwa programu ndogo kama yako, kuunganisha kwa -static (maktaba huingizwa ndani ya programu yenyewe) kunatosha; ikikua, kompaili ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa) la Debian 12.

Mdau wa Ujiji, Kigoma

Ahsanteni sana. Pi imejibu armhf, kwa hiyo nimerekebisha pi.cmake na kuiandaa build-pi upya. Amri ya file sasa inaonyesha ARM ya biti 32, na programu inaendeshwa kwa -static.