Mnaofanyia kazi nyumbani kwa waajiri wa nje, sala ya Magharibi na futari mnazipangaje?

Bi_Bububu:
Assalaam alaykum. Mie nipo Bububu, Unguja, najibu barua pepe na simu za wateja wa wakala wa safari aliyeko London. Niliacha ofisi ya mjini kwa sababu wanangu nilikuwa nawakuta washalala. Sasa asubuhi nawatayarisha skuli mwenyewe, chai na boflo wanakula nikiwaona, alhamdulillahi.

Tabu inaanza adhuhuri. Saa tatu yao ya asubuhi ni saa sita yetu ya mchana, na zamu inakwisha saa mbili usiku. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa zao mbele, napata nafuu ya saa moja, lakini miaka hii Ramadhani inakwisha kabla ya hapo. Adhana ya Magharibi inanikuta na mteja sikioni, muhogo jikoni.

Na hapa nyumbani hakuna anayeona kama nipo kazini. Mamkwe ni mtu mwema sana, ila ananiita nikakune nazi nikiwa katikati ya mazungumzo. Wifi ananiachia mtoto, "kwa vile upo tu." Neno hilo linaniuma, maana mshahara huu ndio unaolipa umeme wa nyumba nzima. Wenzangu mmefanyaje?

WaChakeChake:
Pole dada. Mie nafanya hesabu za kampuni ya nje nikiwa huku Pemba. Anza na mwajiri kabla ya mamkwe. Barua pepe zilizoingia usiku zimalize asubuhi watoto wakiwa skuli, wao London bado wamelala. Halafu omba mapumziko kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka baada ya Isha. Iandikwe! Ruhusa ya mdomo hupotea siku anapobadilika msimamizi.

BabaWawili_Fuoni:
Mumeo je? Mke wangu ana kazi kama yako, na mie ndiye niliyemwambia mama: "Mkweo yupo kazini, ukitaka kitu niite mie." Ukisema wewe utaonekana una jeuri, akisema mwanawe atasikilizwa. Ramadhani tambi na muhogo wa nazi napika mie.

Bi_Bububu:
Ahsanteni sana. Mkataba nimeusoma tena: unataka masaa manane kwa siku, haukusema yaanze lini. Namwandikia msimamizi leo. Mume yuko Wete kwenye karafuu, akirudi nitampa simu asome mwenyewe jibu la Baba Wawili.