Kuacha dawa kabla ya kipimo cha tindikali cha saa 24: naomba ufafanuzi

MkaaziWaWete:
Assalamu alaykum ndugu zangu. Nina kiungulia cha zaidi ya mwaka mmoja, na kila nikilala hupandwa na maji makali mpaka kooni. Mwezi uliopita nilipigwa kamera ya tumbo na majibu yakasema umio hauna kidonda, kwa hiyo daktari ameniandikia kipimo chengine huko bara, cha kupitishwa mpira mwembamba puani ambao utakaa siku nzima ukipima tindikali inayopanda. Karatasi niliyopewa inanitaka niache omeprazoli siku 7 kabla, na hapo ndipo ninapopata tabu, kwani nikiikosa siku mbili tu usiku hunikuta nimekaa kitako. Je, ni lazima? Na siku yenyewe nile uji mtupu, ili nisiharibu majibu? Tikiti ya boti nimeshakata na sipendi kurudishwa.

MuuguziMstaafu:
Waalaykumu salaam, kaka. Umio kutokuwa na kidonda hakumaanishi kuwa tindikali haipandi, na ndiyo sababu umeandikiwa kipimo hiki. Omeprazoli huzuia tumbo lisitoe tindikali, na nguvu yake haiishi siku ile unayoiacha, kwa hiyo ukienda nayo mwilini mashine itapima kazi ya dawa badala ya kupima maradhi yako. Dawa za jamii ya famotidini, ambazo nazo hupunguza tindikali, kwa kawaida huachwa siku 3 kabla, na zile za maji meupe za kutuliza tumbo huachwa siku moja kabla. Maana yake ni kwamba siku za mwanzo, ukizidiwa, unaweza kuuliza kama waruhusiwa kutumia hizo nyepesi. Hata hivyo, wapo wagonjwa ambao daktari huwataka wapimwe wakiwa wanaendelea na dawa, hasa ambao maradhi yao yameshathibitishwa, kwa hiyo usichukue karatasi ya mwengine ukaifanya yako.

Siku hiyo utakwenda na njaa, kwa kawaida saa 6 bila chakula, ili usitapike mpira unapopita. Ukishawekwa, kula kama ulavyo kila siku.

BintiMkarafuu:
Hilo la kula naomba nilitilie mkazo, kwa sababu mimi lilinigharimu. Nilipowekewa mpira nilijifanya mwema: nilikula ndizi za kuchemsha zisizo na nazi wala ndimu, kisha nikakaa wima mchana kutwa kama bi harusi. Majibu yakatoka safi, na daktari aliponiuliza nilikula nini akasema kuwa siku niliyoipima haikuwa siku yangu, nikarudia kipimo. Mara ya pili nilikula urojo na pilipili yake, nikalala saa yangu ile ile, na tindikali ikaonekana.

Kuhusu mpira wenyewe, ni mwembamba na hubandikwa plasta shavuni. Unapopita unaambiwa umeze maji kidogo kidogo, macho yanachuruzika machozi, kisha unabaki na hisia ya punje iliyokwama kooni. Kiunoni unafungwa kikasha chenye vitufe. Unabonyeza ukianza kula, ukilala na ukihisi kiungulia, na saa zote hizo unaziandika pia katika karatasi. Kikasha hakitakiwi kuingia maji, kwa hiyo siku hiyo hakuna kukoga mwili mzima.

Mzee_wa_Mkoani:
Mimi kiungulia changu nakituliza kwa maji ya magadi, na hayo si dawa ya duka. Bila shaka hayana neno?

MuuguziMstaafu:
Yana neno, mzee wangu. Magadi huivunja tindikali kama zivunjavyo dawa za maji meupe, na kipimo hakijali kama yametoka dukani au jikoni. Mashine huhesabu muda ambao umio umekuwa na pH chini ya 4 (pH ni namba ya ukali wa tindikali, na kila ikishuka ukali huzidi). Ukizidi asilimia 6 ya siku, yaani kiasi cha saa moja na dakika 26 kwa saa 24, maradhi huhesabiwa kuwa yamethibitika, na ukiwa chini ya asilimia 4 huhesabiwa kuwa wa kawaida. Kikombe kimoja cha magadi chaweza kukutoa upande mmoja kukupeleka wa pili.

MkaaziWaWete:
Ahsanteni sana. Kipimo ni Alkhamisi ya wiki ijayo, basi kidonge changu cha mwisho ni cha Jumatano hii. Ila natumia pia dawa ya presha, nayo niiache?

MuuguziMstaafu:
Usiiache kwa shauri la humu. Wapigie simu uwatajie jina lake, kwa sababu baadhi ya dawa za presha hulegeza msuli wa mwisho wa umio unaozuia tindikali isipande, na wao ndio watakaoamua. Na katika siku hizo 7, ukipata maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi pamoja na jasho, au ukatapika damu, au ukapata choo cheusi kama lami, usisubiri siku ya boti. Nenda hospitali iliyo karibu nawe saa hiyo hiyo.