Wakuu, hitilafu ya pili inafunika ya kwanza (Python), naombeni msaada

Mleta uzi: Habari za jioni wakuu. Nina skripti ya Python inayoingiza malipo kwenye databesi ya PostgreSQL kupitia psycopg2 (maktaba ya Python ya kuongea na PostgreSQL). Kuna siku inakwama usiku, na asubuhi kwenye logi nakuta mstari mmoja tu: `connection already closed`. Najua hicho si chanzo, kuna kitu kimetangulia.

```
try:
    ingiza(conn, malipo)
except Exception:
    conn.rollback()
    raise MalipoError("malipo hayakuingia")
```

Huko juu kabisa kuna `except Exception as e` inayoandika `log.error(str(e))`. Nifanyeje nilione kosa la kwanza?

FundiKodi: Mkuu, halijapotea. Muunganisho umeshakufa, kwa hiyo `rollback` (amri ya kutengua mabadiliko ambayo hayajathibitishwa) nayo inagoma, na ile `raise` yako haifikiwi kabisa. Kinachopanda juu ni hitilafu ya `rollback`. Ila tangu Python 3.0, hitilafu inayozuka ndani ya `except` hubeba iliyotangulia kwenye `__context__`. Tatizo ni `str(e)`, inachapa ujumbe wa mwisho tu. Weka `log.exception("malipo")`, mlolongo wote utatoka.

Halafu izungushie `rollback` ua wake:

```
except Exception as e:
    try:
        conn.rollback()
    except Exception:
        log.exception("rollback imegoma")
    raise MalipoError("malipo hayakuingia") from e
```

Hiyo `from e` inatamka wazi kwamba hii imesababishwa na ile.

kijana_wa_skripti: Weka `from None` tu, logi iwe fupi.

FundiKodi: Hapana bwana, jamaa analitafuta kosa la kwanza, wewe unamwambia alifiche! `from None` ni ya pale ambapo kosa la ndani halimsaidii yeyote.

mzee_wa_java: Shukuruni Python inawabebea. Kwetu Java, usipoipa hitilafu mpya ile iliyoizaa kwenye konstrakta, `new MalipoException(ujumbe, e)`, ile `Caused by` (mstari unaotaja chanzo) huioni ng'o. Na kagueni `finally` (sehemu inayotekelezwa kosa litokee lisitokee): `return` ikikaa humo inameza hitilafu kimyakimya, Java na Python vilevile.

Mleta uzi: Asanteni sana wakuu. Nimeanza na `log.exception`, na usiku imekwama tena. Safari hii juu ya ule mstari kuna `OperationalError: server closed the connection unexpectedly`. `finally` sina. Sasa nahamia kwenye logi za PostgreSQL yenyewe, nijue kwa nini inakata.