Tamasha la ngalawa limeendeshwa na watu wasiojua maji yanajaa saa ngapi, na zawadi za wavuvi mpaka leo hazijatoka

Wakuu kwema? Kwangu si kwema. Naongelea lile tamasha la ngalawa la hapa Dar, mabango yalibandikwa mpaka vituo vya daladala, walioenda wanalijua na waandaaji wanajijua kwa hiyo sitaji jina la mtu. Nilisubiri wajitokeze wenyewe waseme neno, wamekausha, simu zinaita hazipokelewi, basi ngoja tuongelee hapa.

Naanza na muda kwa sababu madudu yote yalianzia hapo. Tangazo lilisema mashindano saa nne kamili asubuhi. Siku yenyewe mwezi mpevu, bamvua, yaani zile siku maji yanajaa sana na kupwa sana. Sasa mtu yeyote aliyekulia pwani hii, iwe Kunduchi, Msasani au Kigamboni, anajua siku za bamvua hapa kwetu saa nne asubuhi maji yameshakwenda zake huko, na yanarudi kujaa mnamo saa kumi jioni. Mwezi mpevu ndivyo, mwezi mwandamo ndivyo, miaka nenda miaka rudi. Tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo inapita mita tatu jamani, siyo kitu cha kusema hatukukiona. Na majedwali yapo kwenye simu, bure, au basi muulize mvuvi mmoja tu, yuko hapohapo anashona nyavu, hatakuchaji kitu.

Hawakuuliza. Matokeo yake tumefika na watoto tunakuta ngalawa zimelala kwenye tope zimeegemea rengu, yale magogo ya pembeni ya kuzuia chombo kisipinduke, bahari iko mbali huko unaiona kama mstari, na MC anapiga kelele kwenye spika "tuko tayari kwa mbio!" Tayari na nini? Vijana wakaanza kusukuma ngalawa kwenye mchanga na mawe, chombo cha mti mzima hicho, wanachanika miguu na magome ya chaza, halafu wamevalishwa tisheti nyeupe za mdhamini eti zisichafuke.

Kichekesho chenyewe ni hema la VIP. Walilisimamisha asubuhi pale kwenye mchanga uliokuwa wazi, pazuri panaangalia bahari, viti vimevishwa vitambaa na riboni, kapeti jekundu. Mama mmoja muuza mihogo pembeni yangu aliwaambia kabisa, "wanangu hapo jioni ni maji hapo." Wakamjibu mama we endelea na biashara yako. Haya. Mgeni rasmi ametokea saa nane, yaani watu wameungua jua toka asubuhi, hotuba ya huyu, hotuba ya yule, salamu za mdhamini, ngoma, sijui utambulisho wa kamati nzima mpaka anayeshika funguo za stoo. Ilipofika saa tisa na ushee kapeti limeanza kuelea! Watu wa suti wamebeba viatu mkononi, spika zinaokolewa kama watoto, jenereta ikazimwa haraka. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini. Na mimi nilicheka, sidanganyi, ila kilichofuata hakikuchekesha.

Maana baada ya pale ndiyo wakakurupuka, anzisheni anzisheni, saa kumi na nusu hiyo. Msimu wa kusi, ule upepo wa kutoka kusini, mchana wote upepo unajenga, jioni umekaza kwelikweli na bahari imeanza kuchafuka. TMA, watu wa hali ya hewa, wanatoa utabiri wa upepo na mawimbi kila siku, sidhani kama kuna mtu kwenye kamati aliufungua. Njia waliyopanga ni kuelekea upande wa kisiwa cha Bongoyo uzunguke boya urudi, maana yake kwenda unateleza tu na upepo nyuma, kurudi ndiyo kazi, unabisha, yaani unakwenda mshazari dhidi ya upepo, mwanzo mwisho.

Na hapo kuna jambo ambalo wengi waliokaa ufukweni hawakuliona. Kila ngalawa ililazimishwa kushonea bango la mdhamini juu ya tanga. Siyo kitambaa wakuu, ni lile plastiki zito la matangazo ya barabarani. Tanga la ngalawa ni la kitambaa cha pamba cha marekani au turubai jepesi, nahodha analijua kama anavyojua mkono wake, anajua wakati gani alilegeze likatema upepo. Ukilibebesha plastiki halitemi, linakuwa zito juu na chombo kinaelemewa. Wazee walilalamika, wakaambiwa asiyetaka bango atoke, na posho hapati.

Basi ngalawa moja wakati wa kurudi, wakibisha, rengu la upande mmoja likazama, ikapinduka. Vijana wawili majini. Laifu jaketi hakuna hata moja. Mnajua zilikuwa wapi? Kwenye spidiboti ya wageni, wamezivaa wanapiga selfi, nazo zinawapendeza kweli rangi ya chungwa. Hiyo spidiboti ndiyo MC alitutangazia asubuhi kwamba ni boti ya uokoaji. Uokoaji wa nani sasa, iko upande wa pili kabisa inazungusha watu.

Aliyewaokoa ni nahodha aliyekuwa anaongoza mbio. Mtu mzima, ndevu nyeupe, amebakiza kipande kidogo afike. Akageuza, akarudi na upepo, akatua tanga, akawavuta mmoja mmoja ndani. Ufukwe mzima tukasimama tunapiga makofi. Kuja kutangaza matokeo kamati inasema huyo ametoka kwenye mashindano kwa sababu "alikatisha njia". Yaani nilitamani kurusha kiti. Kwa taarifa yenu nyie mnaojiita kamati, kwenye kanuni za kimataifa za mbio za mashua, kanuni ya kwanza kabisa, kabla ya habari za boya na za kushinda, inasema lazima umsaidie aliye hatarini, na chombo kilichopoteza nafasi kwa sababu ya kusaidia kina haki ya kufidiwa. Ya kwanza! Hamkufika hata ukurasa wa kwanza.

Nchi hii imezika watu wa MV Bukoba 1996, Spice Islander 2011, Skagit 2012 ambayo ilitoka hapahapa Dar, MV Nyerere 2018. Bado mtu anaweza kuita halaiki ufukweni, aingize wanaume baharini jioni kwenye upepo bila laifu jaketi, na laifu jaketi zote azivalishe wapiga picha.

Hela sasa. Kiingilio shilingi 10,000 mtu mzima, watoto 5,000, na tangazo liliandika kabisa "pamoja na kupanda boti". Kufika pale boti ina tiketi yake nyingine. Paking nayo kivyake. Hayo ya kwangu nimeyameza. Ya wavuvi siyamezi. Mshindi wa kwanza aliahidiwa mashine ya boti. Amepewa hundi ya boksi, ile kubwa kama mlango, amepigwa nayo picha na mgeni rasmi, wameondoka na picha wamemwachia boksi. Mashine hakuna. Posho ya washiriki nayo hakuna, wanaambiwa mdhamini hajaingiza, mdhamini ukimuuliza anasema alishaingiza zamani. Tena bahati yao ilikuwa wiki ya mbalamwezi, wa dagaa walikuwa wamepumzika kwa sababu taa hazina kazi mwezi ukiwaka, vinginevyo wangepoteza na usiku wa kuvua.

Najua kuna watakaokuja hapa kusema tusikatishe tamaa vijana wanaojituma, utalii, uchumi wa buluu, maneno mazuri. Mimi tamasha nalitaka. Lamu wenzetu wanashindanisha majahazi na punda mji unajaa, Zanzibar wamekuwa na mbio za ngalawa kwenye ZIFF, tamasha lao la filamu la nchi za jahazi, miaka na miaka. Dar ina ngalawa na manahodha kibao, kwa nini sisi iwe hivi? Manahodha wakae kwenye kamati, basi, wapange wao siku na saa, mgeni rasmi apangiwe saa na maji kama sisi wengine. Akichelewa akute wameshamaliza.

Kwa sasa ninachotaka: mashine ya yule kijana aliyetangazwa mshindi itoke, posho zitoke, na yule mzee apewe nafasi yake ya kwanza mbele ya watu kama alivyoondolewa mbele ya watu. Wavuvi wanakwenda serikali ya mtaa wiki hii pamoja na viongozi wa BMU yao, kile kikundi cha usimamizi wa ufukwe, wanatafuta video. Aliyerekodi ile spidiboti wakati vijana wako majini, msiikate wala kuiwekea muziki, itumeni ilivyo, na waliobaki na vipande vya tiketi msivitupe.